Dakika Mbili za Nesi Ursula

Mara ya kwanza Ursula Marcelino alipofanya mtihani wa kuongea Kiingereza, alijibu kila swali kwa adabu na kwa ukweli mtupu. Akafeli.

Tusimcheke kwanza, maana wengi wetu tungefeli vilevile. Ursula alikuwa nesi mkunga katika wodi ya wazazi mjini Babati, miaka ile mkoa wa Manyara ulipokuwa bado mchanga, ofisi zinanuka rangi mbichi na kila basi kutoka Arusha linamshusha afisa mgeni na godoro lake, anauliza nyumba za kupanga ziko upande gani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwembamba, asiye na mume na asiyeona haja ya kuulizwa kwa nini. Kwao ni Mbulu, juu kwenye baridi, kwa Mzee Marcelino, mkulima wa ngano na vitunguu saumu. Katika nyumba ile mtoto mwema alikuwa yule anayesikiliza. Mkubwa akikuuliza jambo, unainamisha macho, unaliacha swali litulie kidogo kuonyesha kwamba umelipokea, halafu unajibu kwa ufupi na kwa sauti ya chini. Anayejibu harakaharaka kwa maneno mengi aliitwa kasuku, na hakuna mzazi aliyependa mwanawe aitwe hivyo.

Ila ukimkuta wodini ungedhani ni mtu mwingine. Mama akiwa kwenye uchungu na mikono ya Ursula ikiwa kazini, mdomo wake haukupumzika. Kiiraqw kwa wenye Kiiraqw, Kiswahili kwa wengine, alimsimulia mgonjwa habari za ng'ombe wa baba yake aliyekataa kukamuliwa na mtu aliyevaa kofia, mpaka mama wa watu anacheka katikati ya maumivu. Akishanawa mikono na kuketi mezani, kimya. Hili mwenyewe hakuwa amelitambua, nasi tuliweke pembeni, litatufaa mbele.

Kilichomnyima raha ni watoto njiti. Waliozaliwa kabla ya wakati manesi waliwafunika kwa pamba, wakawazungushia chupa za maji ya moto zilizoviringishwa vitambaa, wakasali. Wengine walikua. Wengine Ursula aliwakabidhi kwa mama zao wakiwa wamefungwa kwenye kanga, kisha akaenda kusimama nyuma ya stoo mpaka uso wake urudi kuwa uso wa nesi. Kwa hiyo Daktari Benedict, mkuu wake wa kazi, alipoleta habari kwamba chuo kimoja cha Uskochi kinatoa nafasi ya mwaka mzima ya kujifunza kuwatunza watoto wa aina hiyo, na kwamba amempendekeza yeye, Ursula aliitamani nafasi ile kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Sharti lilikuwa moja: afaulu mtihani wa Kiingereza. Kusoma alifaulu. Kuandika alifaulu. Kuongea walitaka alama sita, naye akapata nne.

Ilikuwa hivi. Mtihani ulifanyika Arusha, kwenye chumba cha kukodi, na mtahini alikuwa mzee wa Kizungu mwenye mvi nyeupe na sweta, mbele yake mashine ya kurekodi kanda. Ursula alipoziona zile mvi mwili wake wote ulitaka kutoa shikamoo, na Kiingereza hakina shikamoo. Akamtakia asubuhi njema tu, salamu ambayo angeweza kumpa muuza nyanya wa rika lake, akaona haya, na haya ile haikumtoka mpaka mwisho. Mzee akawasha mashine, akamuuliza kama anapenda muziki. Ursula akainamisha macho, akaliacha swali litulie, akajibu kwamba hapana. Kwa nini? Akafikiri kwa dhati, kwa sababu ameulizwa na mtu mzima, akajibu kwamba hajui. Je, kuna safari aliyowahi kuifurahia? Akaikumbuka barabara ya Mbulu, vumbi lake na abiria wanaotapika madirishani. Akajibu kwamba hakuna.

Halafu akapewa kadi yenye mada. Alitakiwa azungumze peke yake kwa dakika mbili, aeleze jambo analolifanya vizuri. Hapo ndipo alipojifunga kabisa. Kwao mtu hajisifu. Watu wakikusifu unakanusha, ndiyo malezi. Ursula akasema hakuna jambo analolifanya vizuri, wanaoijua kazi ni wenzake wodini, kisha akanyamaza akimngoja mzee aseme neno. Mzee naye, kwa taratibu za kazi yake, alikuwa anamngoja yeye. Wakangojana, huku kanda inazunguka.

Wafadhili hawakuwa watu wabaya. Walisema wangemlipia mtihani mara moja nyingine, basi. Akishindwa tena, nafasi inakwenda mkoa mwingine.

Sasa tumlete Mama Hope. Jina lake Aikande, Mmeru, Mlutheri wa kuimba kwaya, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari aliyebakiza muda mfupi kustaafu. Alihamia Babati na mumewe, mume akafariki, yeye akabaki, na binti yao Hope alikuwa anasoma Moshi. Aliishi Nangara, ua mmoja kutoka chumba alichopanga Ursula. Alikuwa na ulimi mkali, na chai yake aliitia tangawizi kiasi kwamba wageni walikohoa kwanza ndipo wakasifia. Ursula alikuwa ameazima ungo wake kabla ya kwenda Arusha. Majibu yalipotoka akaona aurudishe.

"Shikamoo, Mama Hope."

"Marahaba, mwanangu. Majibu vipi?"

"Nimefeli kuongea."

"Umefeli kuongea? Wewe ambaye sauti yako ya wodini inasikika mpaka stendi? Hebu kaa. Alikuuliza nini?"

Ursula akakaa barazani, ungo bado mkononi, akamweleza swali kwa swali na jibu kwa jibu. Alipofika kwenye safari isiyofurahisha, midomo ya Aikande ilianza kucheza. Alipofika mahali walipongojana na mzee, Aikande alishindwa. Alicheka mpaka kanga ikamwanguka mabegani, akainama kuiokota, akacheka tena akiwa chini hukohuko.

"Samahani, mwanangu," alisema alipopata pumzi. "Kwani ulikwenda kutoa ushahidi mahakamani?"

"Aliniuliza, nikamjibu ukweli."

"Nani alikwambia anataka ukweli? Yule mzee hana shida ya kujua kama unapenda muziki. Akitoka pale ameshasahau. Yeye anataka akusikie unaongea, basi." Kisha akaacha utani, maana siku za nyuma aliwahi kupelekwa Dar es Salaam kwenye semina ya namna ya kusahihisha mitihani ya kuongea, na jambo hili alilijua. "Wanapima vitu vinne. Kwanza, unavyotiririka: unaweza kuendelea bila kukwama na bila kungoja kusukumwa? Pili, maneno uliyonayo ni mengi kiasi gani. Tatu, sarufi. Nne, matamshi, na hapo usijitese kuongea kama Mzungu, wanachotaka ni msikilizaji akuelewe bila kukunja uso. Umesikia adabu kwenye hivyo vinne? Umesikia kutojisifu?"

"Sijasikia."

"Basi. Wewe ulimpelekea adabu tupu, na kwenye karatasi yake hakuna sehemu ya kuiandika."

Jioni ileile wakaanza. Aikande alikuwa na redio kaseti kubwa, ya kurekodia kwaya. Aliiweka mezani, akavua saa yake ya mkononi akaishika, akatoa mada kwa sauti ya mtahini: eleza zawadi uliyowahi kupewa. Dakika mbili zilipokwisha wakarudisha kanda nyuma wakasikiliza. Ilisikika sauti ya mbali ikitaja kitambaa. Kisha ukimya. Kisha jogoo wa jirani akawika vizuri sana, akarudia. Baiskeli ikapita ikilia kengele. Kisha ile sauti ya mbali ikasema kwamba kitambaa kilikuwa cha bluu.

"Kama ningekuwa natoa alama," alisema Aikande, "jogoo ana saba."

Ursula aliziba uso kwa mikono, lakini alikuwa anacheka, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu majibu yatoke.

Hata hivyo kucheka si kufaulu. Wiki zilipita, naye bado anakwama. Walibishana sana juu ya ukweli. Ursula aliona anafundishwa uongo.

"Sikufundishi uongo," alisema Aikande. "Nakufundisha kusimulia. Pale kwenye safari, si ungemwambia habari za hao wanaotapika?"

"Mama Hope! Nimwambie mzee wa watu habari za matapishi?"

"Ungepata sita!"

Lakini jambo la adabu halitoki kwa kuambiwa litoke. Kila akiketi kwenye kiti mbele ya redio, mikono mapajani, akiulizwa na mtu aliyemzidi umri, macho yalishuka yenyewe na sauti ikayafuata. Aikande naye alianza kuingiwa na wasiwasi ingawa hakusema. Tarehe ya mtihani ilikuwa inasogea, na Daktari Benedict alikuwa ameacha kumuuliza Ursula maendeleo, jambo ambalo Ursula alilielewa.

Kilichowafungulia njia ni mbaazi. Msimu wa mavuno Babati, kila nyumba ina gunia la mbaazi mahali fulani, na Aikande alikuwa ameletewa zake kutoka shamba dogo alilolima Singe. Siku hiyo aliamua hakuna mtihani, kazi imemzidi. Wakakaa barazani, ungo katikati, wanachambua: mbovu na vijiwe huku, nzima kule. Aikande, kwa mazoea tu, akauliza kwa Kiingereza habari za wodini. Ursula akajibu kwa Kiingereza, vidole vikiendelea. Alisema jana kulikuwa na mapacha, na kwamba baba yao alipopewa habari aliomba arudishe mmoja kwanza atulize moyo, na mama akamwambia kwa sauti iliyosikika wodi nzima kwamba hapa si dukani. Akaendelea. Akaingia kwenye habari za mashuka, kutoka mashuka akafika kwa mpishi, kutoka kwa mpishi akaja kwa njiti mmoja wa kike ambaye kila asubuhi walimkuta bado yupo, wakashangaa, wakashukuru.

Aikande alikuwa ameacha kuchambua. Alinyoosha mkono polepole akabonyeza kitufe cha redio, na Ursula hakuona.

Waliposikiliza kanda, jogoo hakupata nafasi. Makosa yalikuwepo, tena ya kutosha, lakini sauti ilikwenda, ilipanda na kushuka, ikacheka mahali pa kucheka. Nyuma yake zilisikika mbaazi zikigonga ungo.

"Ni mimi huyo?" aliuliza Ursula.

"Ni wewe, mikono yako ikiwa kazini," alisema Aikande. "Miaka yote nafundisha watoto wakae wima wafunge mikono ndipo waongee. Mungu anisamehe."

Kuanzia hapo masomo yote yalifanyika juu ya ungo. Mbaazi za Aikande zilipokwisha kuwa safi, alizirudisha zote gunini pamoja na takataka zake, wakaanza upya. Majirani walipita wakashangaa. Mmoja aliuliza mbaazi gani hizo zisizokwisha, na Aikande akamjibu kwamba amepata kibarua wa bure na hana mpango wa kumwacha. Ursula aliwahi kumuuliza kwa nini anajisumbua hivi, mtu mzima, baada ya kufundisha kutwa nzima. "Si nimekwambia? Kibarua wa bure," alijibu, akamimina chai. Ursula hakuuliza tena, ila jambo lile alitembea nalo moyoni. Kwa baba yake shukrani haikutamkwa, ilibebwa: unapeleka jogoo, unapeleka vitunguu saumu, unaweka mlangoni na kuzungumzia mvua. Alijua siku moja atabeba. Kusema hakujua angesemaje.

Kabla ya safari Aikande alimpa mambo mawili. La kwanza lilikuwa ushauri: "Mpe yule mzee shikamoo yake kabla hajawasha mashine. Asipoielewa ni shauri yake, wewe utakuwa umeshaitoa na moyo wako umetulia." La pili lilikuwa mbaazi, alizozifunga kwenye leso. "Weka mapajani, chini ya meza. Ukikwama, chambua."

Ursula alifika Arusha mwekundu kwa vumbi, akalala kwa binamu yake, asubuhi akaenda. Mtahini alikuwa yuleyule wa mvi na sweta. Ursula alisimama mlangoni, akapiga goti kidogo. "Shikamoo," alisema.

Mzee aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Marahaba," alijibu, kwa matamshi ambayo Aikande angeyasahihisha, lakini alijibu, na akaonekana kufurahi kwamba mtu amempa nafasi ya kulitumia neno hilo. Ursula akaketi. Mzigo aliokaa nao tangu mara ya kwanza ulikuwa umetua.

Maswali ya mwanzo yalikwenda. Aliulizwa juu ya mji wake, akasema, mikono ikizungusha mbaazi chini ya meza. Aliulizwa juu ya chakula, akasema. Kisha mzee akakunja uso kidogo, akaisogelea mashine, akasikiliza. Kuna kitu kinalia, alisema kwa upole. Je, ana kitu mkononi? Ursula akaitoa leso, uso umemwiva. Mzee akazitazama mbaazi kwa muda. Akasema kwamba kwa bahati mbaya kinasa sauti kinazisikia, na kanda hii itasikilizwa na mtu mwingine, hivyo anaomba aziweke pale pembeni, atazichukua akitoka. Akazichukua yeye mwenyewe kwa mikono miwili, kwa uangalifu, akaziweka dirishani.

Akampa kadi. Mada ilikuwa: eleza mahali unapopenda kukaa ukiwa umechoka. Ana dakika moja ya kujiandaa, na hii hapa karatasi na penseli.

Ursula hakuandika kitu. Aliitazama mikono yake mitupu mapajani na akahisi macho yanashuka, sauti inashuka, wodi nzima ya njiti inamponyoka kwa sababu ya leso ya mbaazi. Dakika ikaisha. Mzee akampa ishara aanze. Ukimya ukaanza kujaa chumbani, ule ukimya anaoujua, na ndani yake, wala usiniulize kwa nini, Ursula alimsikia jogoo wa jirani, mwenye alama saba. Akatabasamu. Mikono yake ikainuka kutoka mapajani yenyewe, ikashika ungo ambao haukuwepo, vidole vikaanza kazi. Naye akasema.

Alisema kuna baraza moja Nangara, saruji yake imepasuka na mlima unaonekana wote kutoka pale. Akitoka zamu hapiti kwake kwanza, anapita pale. Mwenye baraza humpa chai yenye tangawizi nyingi mpaka machozi yanamtoka, na anashukuru kwa tangawizi hiyo, kwa sababu siku nyingine machozi yanakuwa ya kweli na hakuna anayeona tofauti. Alisema wanachambua mbaazi ambazo zilishachambuliwa. Alionyesha kwa vidole: mbovu huku, nzima kule. Alisema ukiwa umeshinda na mtoto mwepesi kuliko mkate, ambaye huwezi kumsaidia ila kumpasha joto, ni jambo kubwa kukaa mahali ambapo kila kitu unachokishika unajua pa kukiweka. Alisahau mashine. Alimtazama mzee usoni bila kujua anamtazama, akasema, na yule mama, kuna kitu sijawahi kumwambia, nacho ni—

Mzee akainua mkono. Asante, alisema, na akauliza swali jingine.

Ursula alijibu yaliyobaki, lakini moyo ulikuwa umeshaanguka. Kwao mkubwa akikukatiza katikati ya sentensi, maana yake umeongea vibaya. Alizichukua mbaazi zake dirishani, akarudi Babati, akamwambia Aikande ameharibu tena, amekatizwa.

"Amekukatiza?" Aikande alimshika mabega. "Dakika zilikuwa zimekwisha na wewe bado unasema?"

"Ndiyo. Aliinua mkono hivi."

"Mwanangu, anayekatizwa ni aliyejaza muda! Mara ya kwanza alikukatiza?"

Ursula akafikiri. Mara ya kwanza hapakuwa na kitu cha kukatiza.

Waliendelea kungoja. Majibu yalipokuja, yalikuja kwa simu ofisini kwa Daktari Benedict, naye akaja mwenyewe mpaka wodini, akasimama mlangoni akiwa amesahau kuvaa koti lake jeupe. "Sita na nusu," alisema. Ursula alikuwa anamfunika mtoto. Alimalizia kumfunika vizuri, akahakikisha chupa za maji bado zina moto, ndipo akaenda nyuma ya stoo. Safari hii hakwenda kule kutafuta uso wa nesi. Alikwenda kucheka peke yake na kusema asante Mungu kwa lugha zote tatu alizonazo.

Jumapili iliyofuata alifika barazani kwa Aikande amebeba. Mzee Marcelino alikuwa ameteremsha kutoka Mbulu furushi la vitunguu saumu na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu.

"Shikamoo, Mama Hope. Baba anakusalimu. Kule kwetu mvua imeanza vizuri."

"Marahaba. Jogoo?" Aikande alimpokea, akampima uzito. "Huyu anaongea Kiingereza au tutamla?"

Walicheka, wakamfungia jogoo nyuma ya nyumba, chai ikaja, ungo ukaja, mbaazi zilezile zikamwagwa kwa mazoea ingawa mtihani ulishapita. Aikande hakuwa mtu wa kuzungumzia mvua kwa muda mrefu.

"Hukuniambia ulisema nini mle ndani," alisema. "Nimejua mada tu. Hapo ulipokatizwa ulikuwa unasema nini?"

Ursula aliinamisha macho. Kwa Kiswahili maneno hayakuja. Kwa Kiiraqw yasingekuja kabisa, hayakuwa maneno ya nyumba ile. Akaendelea kuchambua, na baada ya muda, akiwa bado anatazama mbaazi, alianza kwa Kiingereza. Aikande, bila kufikiri, akavua saa yake akaishika mkononi.

"Yule mama, kuna kitu sijawahi kumwambia," alisema Ursula. "Siku ile niliporudisha ungo sikuja kuomba msaada. Nilikuwa nimeshaamua. Kesho yake ningemwambia Daktari Benedict ampe mtu mwingine nafasi, halafu nisiizungumzie tena maisha yangu yote. Nilikuja kurudisha ungo tu, kwa sababu mtu akiacha jambo anarudisha vitu vya watu. Wewe ukanicheka. Ulicheka mpaka kanga ikaanguka. Nikakutazama, nikaona kwamba kama jambo linachekesha namna ile basi haliwezi kuwa mwisho wangu. Umenipa jioni zako zote na hujawahi kuniuliza kama nitafika, ulichukulia tu kwamba nitafika. Nitajifunza kuwatunza wale watoto, nitarudi, na watakaokua, utakuwa umewakuza pamoja na mimi. Asante, mama yangu. Asante sana."

Alikuwa amefanya makosa, tena mengine ni yale waliyoyapigia kelele wiki zote zile. Aikande hakusahihisha hata moja. Alijifuta uso kwa pembe ya kanga, akakohoa, akasingizia tangawizi, kisha akaitazama ile saa mkononi mwake kana kwamba ameokota kitu cha mtu.

"Umezidisha muda," alisema.

Wakainamia ungo waendelee na kazi, na hapo ndipo walipoona kwamba tangu Ursula aanze kusema, Aikande alikuwa anatupa mbovu na nzima upande mmoja. Wakazichanganya zote tena, wakaanza upya.